Ndege wa Doha: Misimu minne katika mji usio na mto

Mazungumzo ya leo yanauelekea mji wa Doha, mji mkuu wa Qatar, ambako wasemaji wengi wa Kiswahili kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na nchi jirani wamekwenda kutafuta riziki. Hata hivyo, mada ya leo si mishahara wala mikataba ya kazi. Mada ni ndege wa angani, pamoja na watu wanaokwenda kuwatazama na kuwahesabu juma baada ya juma, mwaka mzima.

Huenda msikilizaji akauliza: ni ndege gani wa kutazamwa katika mji wa jangwani? Swali hilo ni la haki. Aghalabu wanaotazama ndege mijini hufuata mto. Mkazi wa London ana Thames, wa Cairo ana Nile, na wa Nairobi ana mto ulioupa mji wake jina. Doha haina mto. Qatar nzima haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima, na mvua yake kwa wastani haifiki milimita 100 kwa mwaka. Katikati ya mji kuna mtaa wa kale uitwao Msheireb, jina la Kiarabu ambalo huelezwa kuwa na maana ya mahali pa kunywa maji. Hapo palipita wadi, yaani bonde linalobeba maji mvua inyeshapo na kukauka mara tu mvua inapokwisha. Leo hii jina la wadi hiyo limebaki katika barabara ya lami.

Basi mto wa Doha ni wa namna nyingine. Karibu maji yote ya kunywa ya mji huo hutoka baharini na kuondolewa chumvi kwa mitambo. Yakishatumika jikoni, bafuni na msalani, hukusanywa kwa mabomba, husafishwa upya, kisha hutumika kumwagilia bustani, miti ya kando ya barabara na mashamba ya majani ya mifugo. Kwa miaka mingi, maji yaliyozidi mahitaji yalielekezwa katika mabwawa ya nje ya mji, na mashuhuri kati ya hayo ni lile la Abu Nakhla, kusini-magharibi mwa Doha. Palipokuwa na mchanga mkavu pakaota matete. Na penye matete na maji, ndege hawakuchelewa kufika. Mwaka 2022, Ashghal, ambayo ni mamlaka ya kazi za umma ya Qatar, ilikamilisha ukarabati wa bwawa la Karaana, lililokuwa likipokea maji machafu ya viwandani, ili liwe ziwa la maji yaliyosafishwa na makimbilio ya ndege wahamao.

Mbali na mabwawa hayo, kuna sehemu ambazo mtu asiye na gari anaweza kuzifikia. Barabara ya ufukweni iitwayo Corniche inaizunguka ghuba ya Doha kwa kiasi cha kilomita 7. Bustani ya Aspire ina ziwa lake dogo. Tangu reli ya mjini ilipoanza kazi mwaka 2019, sehemu zote mbili zina kituo cha treni karibu yake. Kaskazini zaidi, karibu na mji wa Al Khor, liko eneo la Al Thakhira lenye miti ambayo mtu wa Lamu au wa Rufiji ataitambua mara moja: ni mchu, jamaa katika kundi la mikoko. Katika zama za majahazi, boriti za mikoko kutoka pwani ya Afrika Mashariki zilisafirishwa hadi Ghuba kuezekea nyumba.

Ama kuhusu misimu, anayetazama ndege mjini Doha hauanzi mwaka wake mwezi Januari. Huuanza mwishoni mwa Agosti, joto likiwa bado kali, wakati ndege wa kwanza wanaposhuka kutoka Ulaya, Asia ya Kati na Siberia wakielekea kusini. Mbayuwayu hupita chini chini juu ya nyasi zilizomwagiliwa maji. Keremkerem wa Ulaya hupita kwa makundi, wakisikika kabla hawajaonekana. Hudihudi, yule ndege mwenye kishungi ambaye Qur'ani Tukufu inasimulia kwamba alimletea Nabii Suleiman habari za Sabaa, hutembea taratibu bustanini akidonoa ardhi kwa mdomo wake mrefu. Wengi wa wasafiri hao hukaa siku chache tu wakila na kupumzika, kisha huondoka usiku. Baadhi yao wataonekana Kenya na Tanzania majuma machache baadaye.

Msikilizaji wa pwani hatashangazwa na kalenda hiyo. Kwa karne nyingi majahazi ya Ghuba yaliteremka kwa upepo wa kaskazi, yakarejea kwa upepo wa kusi. Ndege nao huteremka kabla ya kaskazi kushika nguvu, na wengi hurudi mnamo Machi na Aprili, kusi inapokaribia.

Msimu wa pili ni wa baridi, kuanzia Desemba hadi Februari. Huo ndio msimu wenye raha kwa watu na kwa ndege. Shakwe hujaa Corniche, minandi husimama juu ya mawe wakianika mabawa, na bata wa kaskazini hutua mabwawani. Huko Al Thakhira, maji yanapokupwa, heroe, ndege warefu wa rangi ya waridi wajulikanao pia kwa jina la flamingo, husimama kwenye maji ya kina kifupi wakiwa wameinamisha vichwa. Vitwitwi, wale ndege wadogo wa miguu myembamba, hukimbia juu ya tope mbele ya mawimbi. Huu pia ndio msimu wa Waqatari wenyewe kwenda jangwani na kozi wao. Katika soko la Souq Waqif kuna hata hospitali ya ndege hao, na mwaka 2010 shirika la UNESCO liliuingiza uwindaji wa kozi katika orodha ya turathi za wanadamu, Qatar ikiwa miongoni mwa nchi zilizouwasilisha. Kwa hiyo elimu ya ndege nchini humo si jambo lililoletwa na wageni.

Msimu wa tatu, kuanzia Machi hadi Mei, ni wa kurejea kaskazini. Ndege wa msimu huu wana haraka kuliko wa vuli, kwani atangulizaye kufika ndiye hupata mahali bora pa kujenga kiota. Upepo wenye vumbi unaweza kuwateremsha wengi kwa pamoja, na asubuhi moja mti mmoja wa bustanini ukawa na ndege wa aina ambazo jana yake hazikuwapo kabisa.

Kisha huja kiangazi, na joto huweza kupita nyuzi 45. Wengi hudhani kwamba hapo hakuna cha kutazama. Kumbe huo ndio wakati wa kuwaona wakazi wa kweli. Vitwitwi wanaotaga juu ya mchanga mtupu huenda majini, hulowanisha manyoya ya tumbo, kisha hurudi kuyapoza mayai yao yasiive kwa jua. Katika visiwa vya Ghuba, buabua hutaga chini, jua likiwawakia. Katika baadhi ya visiwa hivyo huzaa pia ndege mmoja wa pwani mwenye rangi nyeupe na nyeusi, mlaji wa kaa, ambaye huchimba shimo mchangani na kwa kawaida hutaga yai moja tu ndani yake. Baada ya msimu wa kuzaa, wazazi hufunga safari ya kusini pamoja na makinda, na baadhi yao hupitisha miezi ya baadaye katika pwani ya Afrika Mashariki, ikiwemo hori ya Mida karibu na Watamu.

Kiangazi hicho hicho huwagusa wanadamu. Tangu mwaka 2021, kanuni za Qatar zinakataza kazi za nje kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 na nusu alasiri, kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15. Mlinzi au mtunza bustani anayetoka kazini alfajiri hukutana na ndege katika saa ile ile wanayojitokeza kula. Yeye ndiye aliyemo bustanini kila siku, ilhali mtalaamu mwenye gari na darubini ya bei kubwa huja mara moja kwa juma. Na kwa watumishi wa majumbani, sheria namba 15 ya mwaka 2017 iliweka haki ya siku moja ya mapumziko kwa juma. Kuwatazama ndege hakuna kiingilio, na saa moja kando ya maji ni starehe ambayo mtu wa mshahara mdogo anaimudu.

Lakini je, kuna faida gani kuandika idadi ya ndege daftarini? Faida iko katika kurudia. Mtu akipita njia ile ile, saa ile ile, kila juma, akaandika tarehe, hali ya hewa, aina na idadi, ukurasa mmoja hautamwambia mengi. Kurasa za miaka mitano zitamwambia ni nani amechelewa kufika, ni nani amepungua, na ni nani mgeni ambaye hakuwapo zamani. Hata siku ambayo hakuonekana ndege yeyote huandikwa, kwa sababu sifuri nayo ni habari. Tangu mwaka 2002 kumekuwa na mtandao wa eBird, ulioasisiwa kwa mchango wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, ambamo mtu yeyote anaweza kuweka hesabu zake zikasomwa na wataalamu wa dunia nzima. Hata hivyo tahadhari inahitajika: darubini na kamera zisielekezwe kwenye bandari, vituo vya ulinzi wala nyumba za watu.

Daftari kama hizo ndizo zinazofichua mambo mawili yenye uzito. La kwanza ni wageni wavamizi. Mayna, ndege wa kahawia mwenye miguu ya manjano ambaye asili yake ni bara Hindi na nchi za jirani, ameenea Doha kiasi kwamba wizara ya mazingira ya Qatar imekuwa ikimnasa kwa mitego. Wazanzibari na watu wa Mombasa wanaifahamu hadithi hiyo kupitia kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili asaidie kusafisha taka. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza azma ya kuwaangamiza kunguru hao milioni moja. Mgeni wa aina hiyo akigunduliwa akiwa wachache, kazi ya kumwondoa ni nyepesi. Akishaenea, gharama yake haina mwisho.

La pili ni kupungua kwa wasafiri wenyewe. Mwezi Oktoba 2024, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilitangaza kwamba aina 16 za ndege wa pwani wahamao zimo katika hatari kubwa zaidi kuliko ilivyodhaniwa. Miongoni mwao yumo kitwitwi mmoja mwenye mdomo uliopinda kidogo, ambaye huzaa kaskazini kabisa mwa Siberia na ambaye hutua katika pwani za Ghuba na za Afrika Mashariki. Ndege huyo hali mchanga mkavu wala saruji. Hula wadudu na minyoo ya tope linalofunikwa na kufunuliwa na bahari. Katika Ghuba, fukwe nyingi zimejazwa kifusi kwa ajili ya majengo, bandari na visiwa bandia.

Hapa ndipo penye uzito wa suala lenyewe. Msafiri huyo anahitaji vituo vyote vya njia yake. Siberia ikibaki salama, na hori ya Mida ikilindwa, lakini tope la Ghuba likafukiwa, atafika kwenye kituo cha katikati akiwa na njaa, asipate chakula cha kumfikisha mbele. Vivyo hivyo, Doha ikitunza mabwawa yake na mikoko ikakatwa ovyo huko kusini, jitihada za Doha zitakuwa na matunda haba. Na mabwawa ya Doha yana udhaifu wake wa pekee. Mto wa kawaida hulishwa na mvua, ilhali maji haya hutegemea uamuzi wa wahandisi. Matumizi ya maji yaliyosafishwa yakiongezeka mashambani na bustanini, jambo ambalo ni jema kwa nchi yenye kiu, yanayobaki kwa ndege hupungua. Anayeamua kiasi cha kuachwa anahitaji kujua ni ndege wangapi wanayategemea maji hayo na katika miezi gani, na jibu la swali hilo hupatikana katika hesabu za wale waliosimama hapo kila juma.

Wapenzi wasikilizaji, ni vyema kukumbuka kwamba Siku ya Kimataifa ya Ndege Wahamao ilizinduliwa mwaka 2006 huko Laikipia, nchini Kenya. Sasa kilele chake huadhimishwa mara mbili kwa mwaka, Jumamosi ya pili ya Mei na Jumamosi ya pili ya Oktoba, ndege wanapokwenda na wanaporudi. Aliyeko Doha, aliyeko Mombasa na aliyeko Unguja wanaweza siku hiyo kutoka alfajiri, kila mmoja akaandika alichokiona katika ufukwe wake, na ndugu wa nyumba moja waliotenganishwa na kazi wakalinganisha orodha zao kwa simu jioni yake.