Nafasi Kati ya Risasi na Kasiba: Rufiji, 1905



Simulizi za Vita vya Majimaji hazikosi maji yaliyoaminika kuzuia risasi za Wajerumani, maji ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa Mohoro Agosti 1905. Leo naomba tuyaweke maji kando tuitazame risasi, hasa ile nafasi inayobaki kati yake na kasiba.

Wapiganaji wachache waliokuwa na bunduki walishika zaidi magobore. Kasiba ya gobore ni laini ndani. Unamimina baruti, unashindilia kitambaa au kumbi la nazi kwa mdeki, kisha risasi iliyosubiwa kwa kalibu. Risasi hiyo sharti iwe ndogo kuliko kasiba, la sivyo haitashuka, kwa kuwa masizi ya mlio uliotangulia yamekwisha kubana njia. Hapo ndipo gobore linapopoteza nguvu: gesi inavuja pembeni, risasi inatoka ikigonga kuta huku na huku. Karibu inaua, mbali ni bahati nasibu.

Askari wengi wa Wajerumani walibeba Mauser ya 1871, inayojazwa kwa nyuma. Ganda la shaba hutanuka likaziba chemba. Risasi yenyewe, ya milimita 11 na gramu 25 hivi, imeviringishwa karatasi. Baruti ikiwaka, risasi laini huvimba na kujaa mifuo minne ya kasiba, ikatoka ikizunguka. Kazi yote iko kooni, pale chemba inapokoma na mifuo kuanza. Koo likilika, gesi hupenya na kuiunguza risasi, nayo hupakaza kasiba. Ndiyo maana fundi wa bunduki kuukuu kwanza husukuma kipande cha risasi laini kasibani, akakipima, ndipo achague kalibu.

Nani aliamua huyu apate mifuo na yule asipate? Mkataba wa Brussels wa 1890, ulioandikwa kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, ulibana bunduki zenye mifuo katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango kwa gumegume zenye kasiba laini na baruti ya kawaida. Kwa maoni yangu, ibara hizo zilichangia kuamua vita miaka 15 kabla havijaanza.

Tofauti hiyo ya kasiba huacha alama. Kwa hiyo ukiokota risasi shambani Mohoro, igeuze kwenye mwanga. Mikwaruzo minne ya mshazari yaelekea Mauser. Alama za ufumo wa kitambaa zaelekea gobore. Lakini usikimbilie kuandika 1905. Bunduki za 1871 zilikuwa bado mikononi mwa askari mwaka 1914, meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilipojificha katika delta ya Rufiji, na moshi wa baruti nyeusi ya bunduki hizo uliwafichua wapigaji. Andika kina na mahali ulipoiokota, na usiisugue: alama za karatasi na kitambaa ni nyembamba, brashi huzifuta mara moja.