Maziwa Yanamkubali Huyu, Yanamkataa Yule

Leo tunazungumza juu ya maziwa.

Wako watu wazima ambao wakinywa kikombe kikubwa cha maziwa yasiyoganda, baada ya saa moja au mbili tumbo linajaa gesi, linanguruma, linakata, hata wanaharisha. Wengine huambiwa wamerogwa. Wengine huchekwa. Na wengine huogopa, wakawanyima maziwa hata watoto wao. Hiyo ni hasara kubwa. Basi tuitazame sababu yenyewe.

Maziwa yana sukari yake, inaitwa laktosi. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina karibu gramu 50 za sukari hiyo. Haiwezi kuingia katika damu mpaka ikatwe vipande viwili. Kinachoikata hutengenezwa na utumbo mwembamba, nacho kinaitwa laktesi. Tukifikirie kama kisu. Kisu kikiwapo, sukari hukatwa na mwili hupata nguvu. Kikipungua, sukari huteremka nzima mpaka utumbo mpana. Huko vijidudu huichachusha, kama pombe inavyochacha. Gesi inatoka, maji yanavutwa, tumbo linavurugika.

Mtoto mchanga huzaliwa na kisu hicho, maana chakula chake ni maziwa ya mama. Baada ya kuacha ziwa, kisu hupungua polepole. Ndivyo walivyokuwa binadamu wote wa zamani. Hata leo, katika kila watu wazima watatu duniani, karibu wawili kisu chao kimepungua. Kwa hiyo si ugonjwa, wala si laana.

Je, wale wanaokunywa maziwa mengi bila shida, kisu chao kilitoka wapi? Haya, hapa pana historia yetu wenyewe. Ng'ombe walifika kaskazini mwa Kenya zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, kisha ufugaji ukateremka hadi Tanzania. Mwaka 2006, wataalamu walioongozwa na mama mmoja wa Marekani, Sarah Tishkoff, walitangaza utafiti walioufanya kwa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, wa makabila 43. Watu hao walikunywa maji yenye laktosi, kisha damu yao ikapimwa kuona kama sukari imepanda. Ilionekana kwamba wengi wenye kisu cha kudumu katika Kenya na Tanzania wamerithi badiliko dogo mwilini. Badiliko hilo si lile la watu wa Ulaya. Wataalamu wanakisia lilianza kuenea hapa kwetu kati ya miaka 3,000 na 7,000 iliyopita.

Lilieneaje? Si kwamba watu walikunywa sana mpaka kisu kikaota. Hapana. Badiliko lilitokea lenyewe. Wataalamu wengi wanafikiri hivi: wakati wa ukame na njaa, mfugaji aliyekuwa nalo alipata chakula na maji katika maziwa. Asiyekuwa nalo aliharisha, akapoteza maji na nguvu. Basi yule wa kwanza aliishi zaidi, akazaa, na watoto wakarithi. Kizazi baada ya kizazi, wakawa wengi.

Lakini tusipime mtu kwa kabila lake. Hata katika nyumba moja, huyu anaweza na yule hawezi.

Sasa tufanyeje?

Kwanza, tutumie maziwa ya mgando. Vijidudu vinavyogandisha maziwa hula sehemu ya sukari ile, ndiyo maana mtindi haulisumbui sana tumbo. Wafugaji wamekuwa wakigandisha maziwa kibuyuni tangu zamani. Ila tuchemshe maziwa kwanza, yapoe, ndipo tutie mtindi kidogo wa kugandishia. Kuchemsha hakuondoi sukari, lakini huua vijidudu vya magonjwa, kama kifua kikuu.

Pili, anayependa maziwa yasiyoganda anywe kidogo kidogo, pamoja na chakula. Wengi wanaweza kikombe kimoja bila taabu.

Tatu, asiyeweza kabisa ale dagaa wazima na mifupa yao, maharage na mboga za majani. Mifupa yake itapata nguvu.

Nne, mtoto mchanga asinyimwe ziwa. Miezi 6 ya kwanza anyonye tu, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Akiharisha, mama asimwachishe. Azidi kumnyonyesha na ampeleke zahanati.

Tena, si kila kuharisha kunatokana na maziwa. Maji machafu nayo huharisha. Mtu akiharisha damu, au akiharisha siku nyingi, aende zahanati upesi.

Basi ndugu zetu, mgeni akikataa maziwa tusimcheke, wala tusiseme ametudharau. Tumpe mtindi kidogo, au uji.



Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Kwa nini mtoto mchanga hasumbuliwi na maziwa ya mama?
2. Kwa nini mtindi ni mwepesi kwa tumbo?
3. Kijijini kwetu, nani huchekwa kwa kukataa maziwa? Tutamsaidiaje?