Yule wa kwenye seri tunamshangilia, yule wa mtaani tunamwita mchawi

Maneno yaliyosomwa mbele ya vijana, Kasongo, jimbo la Maniema



Wakubwa wetu wanasema vijana wa leo, hata sisi wenye diploma ya chuo kikuu, tunamaliza siku kwa kutazama seri. Ni kweli, si bongo. Kazi hakuna, muda uko. Simu tunachajisha kwa mwenye pano ya jua, kadi moja ya memori inapita mikono ishirini, na usiku mtaa mzima unabishana juu ya mtu ambaye hajazaliwa popote. Leo hatukuja kujitetea. Tumekuja kusema kwamba katika kutazama huko tumeona jambo linalogusa watoto wa mtaa wetu, na kama raia hatuwezi kulinyamazia.

Tuanze na jina. Wafaransa wanaita autisme. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wana jina la Kiswahili: usonji. Ni namna ubongo wa mtu unavyokua tangu utotoni. Mwenye usonji anaweza kuchelewa kusema, au asiseme kabisa, au aseme sana juu ya kitu kimoja tu anachokipenda. Anaweza kurudiarudia neno au kupepesa mikono. Kelele ambayo sisi hatuisikii, yeye inamuumiza. Siku ikibadilika utaratibu, dunia yake inavurugika. Maneno ya mzunguko, mafumbo, utani, anaweza kuyachukua kama yalivyo. Si ugonjwa wa kuambukiza, na fimbo haiutoi. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba katika watoto 100, karibu mmoja yuko hivyo. Piga hesabu ya masomo yako ulikosomea: kama ilikuwa na watoto 600, labda sita walikuwa kati yenu. Mliwaita nani?

Sasa twende kwenye seri.

Kuna wahusika ambao seri yenyewe inatuambia wazi. Shaun Murphy, yule munganga kijana wa The Good Doctor, seri ya Marekani iliyoanza 2017 na kumalizika 2024, iliyochukuliwa kutoka seri ya Korea ya Kusini ya 2013. Woo Young-woo, wakili wa Korea wa mwaka 2022, anayependa nyangumi kuliko mazungumzo ya watu. Astrid wa Astrid et Raphaëlle, seri ya Ufaransa, anayetunza mafaili ya polisi na kuona ndani yake kile ambacho wapelelezi hawaoni. Na wapenzi wa filamu za Kihindi mnamjua Rizwan Khan wa My Name Is Khan, 2010, Mwislamu aliyechezwa na Shah Rukh Khan, anayezunguka Marekani amwambie rais kwamba yeye si gaidi. Hawa wote jina limetajwa. Hatuna ubishi.

Ubishi uko kwa wale ambao hawakutajwa. Sheldon wa The Big Bang Theory lazima akae mahali palepale kwenye kiti kirefu, chakula kina siku yake, utani wa wenzake unampita. Miaka 12, kutoka 2007 mpaka 2019, mashabiki wenye usonji duniani walisema: huyu ni wetu. Watengenezaji wakajibu kwamba hawakumwandika hivyo. Temperance Brennan wa Bones, yule mama anayesoma mifupa ya marehemu, mtungaji wake Hart Hanson alikubali kwamba alichota kidogo kwa rafiki yake mwenye usonji, lakini ndani ya seri jina hawakulitoa. Na Sherlock Holmes? Huyo aliandikwa mara ya kwanza mwaka 1887. Grunya Sukhareva, munganga wa Moscow, aliandika juu ya watoto wa namna hii mwaka 1925. Leo Kanner kule Marekani, 1943. Hans Asperger kule Vienna, 1944. Kwa hiyo Holmes alitangulia jina. Watu wa namna hiyo walikuwapo, mwandishi aliwaona kwa macho, akawaandika bila kujua waitweje.

Hapo mtu atatuuliza: nyinyi mnaingilia nini? Mhusika hana mama wa kuulizwa alisema lini neno la kwanza. Hana damu ya kupima. Kama mwenye kumtunga amesema hapana, basi ni hapana.

Tunajibu hivi. Usonji haupimwi kwa damu hata kwa mtu aliye hai. Unatazamwa kwa mwenendo, na mwenendo ndicho kitu pekee mhusika alicho nacho. Mtungaji ana haki ya kusema alichokusudia. Lakini akishatutumia kazi yake, macho ni yetu. Babu akitoa hadithi, hachagui mjukuu gani atajiona ndani yake. Na kijana aliyeitwa wa ajabu maisha yake yote, akimwona mtu kama yeye anapendwa, ana rafiki, ana kazi, usimnyang'anye kwa sababu karatasi ya munganga haikuonyeshwa.

Ila kusoma kunataka ushahidi, na kunataka akili ya mahali. Hapa ndipo sisi wa Kasongo tuko na la kusema, juu alama zile ziliandikwa kwa watu wa kule.

Mfano wa kwanza. Sheldon anagonga mlango mara tatu na kuita jina mara tatu, na Wamarekani wanacheka. Hapa kwetu, mtu anayepiga hodi mara tatu amelelewa vizuri, hata dini inafundisha hivyo. Kumbe ajabu ya Sheldon haiko kwenye tatu. Iko hapa: mlango ukifunguliwa kwa hodi ya kwanza, yeye bado lazima amalize zile mbili, la sivyo moyo hautulii.

Mfano wa pili. Wanasema mwenye usonji hatazami watu machoni. Sawa, lakini hapa mtoto anayemkazia mkubwa macho anaambiwa hana adabu. Ukitumia alama hiyo peke yake, lupango zima litakuwa na usonji. Tazama kama hata mama yake, hata mwenzake wa kucheza naye, mtoto hamtazami.

Mfano wa tatu. Kula chakula kilekile kila siku. Wandugu, wali na sombe jana, wali na sombe leo, nani atatupima? Lakini yuko mtoto ambaye sombe ikigusa wali, hali tena sahani ile mpaka usiku, na si kiburi. Woo anakula kimbap, wali uliofungwa, kwa sababu kila kilichomo anakiona. Mama mmoja wa Kasongo anayetenga wali upande huu na mboga upande ule, bila kumpiga mtoto, amefanya kazi ambayo seri inaifundisha kwa vipindi 16.

Kwa hiyo tusihesabu alama kama franka. Tuulize: utaratibu ukivunjika, mtu huyu anaumia namna gani?

Sasa tufike kwenye lile lililotuleta. Kuna usomaji mwingine wa wahusika, na huo ndio umetawala hapa. Katika maigizo mengi ya Kinshasa na filamu nyingi za Nigeria tulizokulia, mtoto asiyeeleweka anakuja na maana moja. Anazungumza peke yake, halali usiku, hasalimii, anajua mambo yaliyopita umri wake. Muziki unabadilika. Pasta anaingia. Mwisho wa filamu mtoto ameungama au amefukuzwa, na watazamaji wanapiga makofi.

Alama ni zilezile! Kuzungumza peke yake, kukaa macho usiku, kukimbia watu, kujua hesabu kuliko wakubwa. Akiwa Shaun Murphy, tunamwita kichwa. Akiwa mtoto wa jirani, tunamwita ndoki. Ripoti ya UNICEF ya mwaka 2010 juu ya watoto wanaoshutumiwa uchawi Afrika iliwataja waziwazi walio hatarini: yatima, wenye kifafa, wenye kigugumizi, watoto wenye akili nyingi, na wenye usonji. Mtoto asiyeweza kusema hawezi hata kukana. Ukimuuliza «wewe ni mchawi?», naye anarudia neno la mwisho ulilosema, «mchawi», wewe umesikia kuungama. Yeye amerudia sauti tu. Fikirieni hapo kidogo, wandugu. Watoto wangapi wamehukumiwa kwa mwangwi wa swali walilouliza wakubwa?

Na sheria haijanyamaza. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshutumu mtoto uchawi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaweka adhabu ya kifungo na faini kwa mwenye kufanya hivyo. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu, masomo yakiwemo. Karatasi tuko nazo. Tunachokosa ni mtu wa kuzisoma kwa sauti mbele ya mlango wa chumba cha sala ambamo mtoto amenyimwa chakula siku tatu.

Lakini tusidanganyike na seri. Ziko na deni lao.

Deni la kwanza: zinapenda wenye vipaji vya ajabu tu. Shaun anaona mwili wa mgonjwa kama ramani, Woo anakumbuka kitabu chote cha sheria. Wenye vipaji vya hivyo ni wachache. Wengi hawatakuwa mawakili, na wako wasiosema neno maisha yao yote. Tukimheshimu mtoto kwa sababu tu tunangoja siku moja atuokoe kwa kipaji, siku tutakapoona kipaji hakiko tutamrudisha uani. Hans Asperger mwenyewe, wakati wa Wanazi, alisifu watoto aliowaona na akili ya pekee, na wengine akawapeleka Am Spiegelgrund, kituo ambamo watoto waliuawa. Historia ya jambo hili inatuonya: anayepanga watoto kwa faida yao, mwisho wake ni hapo.

Deni la pili: aliyecheza Shaun, Freddie Highmore, hana usonji, na Park Eun-bin aliyecheza Woo naye hana. Wenye usonji walilalamika: tunachezwa, hatuitwi kucheza. Katika msimu wa mwisho wa The Good Doctor, 2024, Kayla Cromer, mwenye usonji yeye mwenyewe, alicheza mwanafunzi wa udaktari mwenye usonji anayemwona Shaun kama shujaa wake. Afadhali.

Deni la tatu ni letu sisi mashabiki. Ukishajua alama, unaanza kugawa majina: mwalimu yule, mjomba yule, dada yule aliyekataa kukupenda. Hapana. Mhusika hawezi kuumizwa na jina, jirani anaweza. Wahusika tuwasome hadi kucha. Kwa mtu wa mtaani, swali ni moja: anahitaji nini ili akae nasi vizuri?

Kwa hiyo, sisi vijana tulio hapa tunasema:

1. Kila seri itakayotazamwa pamoja, yenye mhusika wa namna hii, baada ya picha kuzimwa tukae nusu saa tuzungumze. Mwenye swali aulize. Mzazi mwenye mtoto kama huyo apewe kiti cha mbele kama anataka kusema, na aachwe kama hataki.

2. Vikundi vya michezo ya kuigiza vya Kasongo na Kabambare, tunawaomba mtu mmoja katika mchezo wenu: mtoto asiyesema, anayeishi mpaka mwisho, bila pasta, bila mfumu, bila muujiza. Familia yake ijifunze namna ya kuishi naye. Mtatuliza na mtatuchekesha, tunawajua.

3. Walimu, tunajua mko na watoto wengi katika darasa moja na mshahara unachelewa. Hatuombi mashine. Tunaomba mtoto anayeziba masikio akalishwe mbali na kengele, na asichapwe juu ya kutokujibu.

4. Wenye mamlaka wa teritware, tunadai sheria ya 2009 isomwe hadharani kwa Kiswahili, sokoni, msikitini, kanisani, redioni, na kila shauri la mtoto aliyefungwa au kunyimwa chakula kwa jina la uchawi lifunguliwe.

5. Viongozi wa dini, wengi wenu mnalinda watoto na tunawashukuru. Ombeeni, hakuna anayekataza dua. Kamba na njaa ndizo tunazokataa.

Wengine watasema haya ni mambo ya wazungu. Khan ni Mhindi, Woo ni Mkorea, na mtoto anayepepesa mikono yake pale kisimani ni wa Kasongo. Hakutumwa na mtu. Alikuwa hapa kabla ya seri kufika kwenye simu zetu, na tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa umewatengea watu wenye usonji tangu 2008, inapita kila mwaka bila yeye kuambiwa heri.

Kesho jioni kadi ya memori itazunguka tena, na sisi tutatazama. Tunaomba tu kwamba macho yale tunayomtazamia Shaun, kesho kutwa asubuhi tuyabebe tukienda kuchota maji.



Imefanyika Kasongo, kwa niaba ya vijana wote waliokaa pamoja.