Simba Asiyekuwepo Njiani: Biblia, Uvivu na Kazi ya Mikono
Mada kwa semina ya vijana na wakulima, Mbozi Mission

Utangulizi

Wengi wenu mmefika hapa mkiwa mmeshapita shambani alfajiri, hivyo sitawafundisha kushika jembe. Natamani tutazame pamoja Biblia inamwita nani mvivu, na inatutaka tufanye kazi kwa ajili ya nini.

1. Mvivu ni nani?

Mithali haimwiti mvivu mtu aliyechoka. Inamwita hivyo anayeahirisha. Katika sura ya 26 anakataa kutoka nje kwa kisingizio cha simba barabarani. Katika sura ya 20 anaacha kulima kwa sababu ya baridi, na mavuno yakifika anatafuta asipate kitu. Hapa Mbozi tunalijua hilo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Aliyechelewa kuandaa shamba la mahindi hawezi kuiomba Novemba irudi. Na baridi ya Juni na Julai inapobana, ndipo kahawa inapoiva. Wahenga walishasema: ajizi nyumba ya njaa.

2. Chungu na mkahawa

Mithali 6 inamtuma mvivu kwa mdudu chungu, ambaye hana msimamizi wala mtawala, na bado anaweka akiba. Somo hapo ni uaminifu pasipo kusimamiwa. Mkahawa nao unatupima hivyohivyo. Usipopogoa, usipokata maotea, usipokagua ugonjwa wa chulebuni, hakuna atakayekufokea. Mti utanyamaza, na jibu lake utaliona mavuno yajayo. Hata miche bora ya kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI pale Mbimba haimfai anayeipanda na kuisahau. Vilevile, anayechuma mbichi pamoja na mbivu ili amalize upesi ana uvivu, hata kama mikono yake inakimbia. Hasara yake wanaibeba wenzake wote wa chama cha ushirika (AMCOS).

3. Urithi wetu

Sisi Wamoravian hatuna sababu ya kudharau kazi ya mikono. Wamisionari wetu wa kwanza, waliotoka Herrnhut mwaka 1732 kwenda kisiwa cha St. Thomas, walikuwa Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala. Useremala ndio uliowalisha. Walifuata nyayo za Paulo, aliyeshona mahema (Matendo 18:3). Na hapa Mbozi, mmisionari Traugott Bachmann alijifunza lugha ya Wanyiha na kuifanyia kazi neno kwa neno, hadi Agano Jipya la Kinyiha likachapishwa mwaka 1913. Kalamu nayo ina jasho lake.

4. Tusimwonee asiye na kazi

Katika Mathayo 20, watu waliosimama sokoni hadi jioni wanaeleza kwamba hakuna aliyewaajiri, na mwenye shamba hawatukani, anawapa kazi. Kijana anayesubiri tangu asubuhi pale Tunduma apate kibarua cha kupakua mzigo hana uvivu. Amekosa nafasi. Tena, anayependa kunukuu 2 Wathesalonike 3:10, kwamba asiyetaka kufanya kazi asile, asome na Yakobo 5:4 kuhusu ujira uliozuiliwa. Wachumaji wa kahawa walipwe walichoahidiwa, kwa wakati.

Hitimisho

Waefeso 4:28 inatupa lengo: mtu afanye kazi kwa mikono yake ili awe na kitu cha kumgawia mhitaji. Bidii inayoishia kwenye ghala la mtu mmoja haijafika mwisho wake. Inafika pale mjane jirani anapopata debe la mahindi, na mtoto wa ndugu anapopata daftari.

Maswali ya majadiliano

1. Ni kazi gani umeiahirisha msimu huu, na simba wako njiani anaitwa nani?
2. Kikundi chenu kinaweza kumpa kijana mmoja asiye na ajira nafasi gani kabla ya mvua?
3. Katika mavuno yajayo, fungu la mhitaji litatengwa lini: kabla ya kuuza, au baada ya kuuza, kwa kitakachobaki?