Watoto wetu na pipa lililo nyuma ya nyumba
(Maneno ya komite mbele ya wazazi, katika mkutano wa wanachama, Baraka)



Tumewaita leo juu ya watoto wetu wa miaka 12 mpaka 18, na juu ya vitu wanavyokunywa, wanavyovuta na wanavyomeza. Hatutakawia. Mvua iko karibu, na mama wengi wameacha ndagala zao kwenye mchanga.

Wengi wenu mlituuliza kwanza juu ya bombe. Ndiyo, mwaka 2021 Kinshasa nzima ilizungumza juu yake: unga unaotolewa ndani ya bomba la moshi la gari, unachanganywa na vidonge, na kijana anabaki amesimama barabarani, ameinama, kama mtu aliyelala wima. Inatisha. Lakini tuseme kweli. Hapa kwetu Fizi mtoto hahitaji kungoja kitu cha Kinshasa. Bangi iko. Tramadol inauzwa moja moja kama bomboni, bila karatasi ya munganga. Na kanyanga, ndugu, haitoki mbali. Inatoka nyuma ya nyumba zetu.

Hapa komite ina neno la kusema juu yake yenyewe, na marafiki wanaotusaidia kwa pesa watalisoma pia katika gazeti letu dogo hili. Mikopo tuliyotoa katika sanduku letu la akiba, kadhaa kati yake ilinunua mapipa. Tuliandika "biashara ndogo". Tulijua. Mama aliyerudi bila shamba, bwana yake anashinda kwa shefu na kwenye tribunali juu ya udongo wa baba yake ambao mtu mwingine anaulima, atalipa minervali na nini? Muhogo, mahindi, pipa, na makuta inaonekana wiki ileile. Primeri serikali ilisema ni bure tangu mwaka 2019, lakini sekondari inalipwa, na ni kanyanga iliyolipa. Hatukuja kumhukumu mama yeyote. Tunasema tu kwamba ni sisi wote tuliolisogeza pipa karibu na mtoto.

Juu mtoto ndiye anayeshika moto. Ndiye anayepeleka chupa kwa wateja usiku. Ndiye anayeambiwa "onja, uone kama imeiva". Tulimuuliza mmoja alianza kuonja na miaka mingapi, akasema tisa. Waganga wanasema wazi kwamba mtu aliyeanza kunywa akiwa mtoto anashikwa na pombe kwa urahisi kuliko aliyeanza akiwa mtu mzima, kwa sababu ubongo bado unajengwa, na kazi hiyo haiishi mpaka karibu miaka 25. Na kanyanga haina kipimo. Leo ni kali, kesho ni kali zaidi.

Lakini pipa peke yake halitoshi kumpoteza mtoto. Kuna nyumba zenye pipa na watoto wazima, na nyumba za wacha Mungu ambako hakuna hata tone na mtoto amepotea. Tulikaa na familia nyingi, tukaona kwamba mara nyingi jambo linaanza katika mwaka wa kwanza wa kurudi. Tuwaambie habari ya kijana mmoja. Jina hatulitaji, na mama yake yuko hapa, ametukubalia.

Kijana huyu alirudi kutoka kambi ya Uganda akiwa na miaka 15. Kule alisoma kwa Kiingereza, na alisoma vizuri. Kufika hapa, masomo ni Kifaransa. Wakamrudisha primeri, akakaa kwenye benchi moja na watoto wa miaka kumi, magoti yake yanagusa meza. Watoto wakamwita mukimbizi. Mukimbizi, katika inchi yake! Akamwambia mama: "Mama, kule beko banichekaka, siende tena." Mama akafikiri ni uvivu. Baba alikuwa amekwenda kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Misisi. Kijana akaanza kushinda ufukoni na vijana wa mitumbwi. Wale hawakumcheka. Walimpa jina, walimpa kazi ya kuvuta wavu, jioni walimpa bangi na kikombe. Sisi wazee tunasema "marafiki wabaya". Yeye alisema hivi: "Balikuwa ba kwanza kunipokea."

Walioondoka Lugufu na Nyarugusu, wale waliovuka ziwa kwa meli tangu 2005, watasema watoto wao walikuwa wamesoma programu ya Kongo, kwa Kifaransa. Ni kweli, hao walipata nafuu darasani. Lakini hata wao waliacha mpira, kwaya, na rafiki wa mlango wa pili. Mtu mzima anaporudi, anarudi nyumbani. Mtoto aliyezaliwa kambini anaporudi, anahamia mahali asipopajua, na tunamkasirikia kwa sababu hafurahi.

Jambo lingine ni usingizi. Hili hatukulitazamia. Vijana watatu, kila mmoja peke yake, walituambia wanakunywa ili walale. Mmoja aliona mambo njiani wakati familia inakimbia, akiwa mdogo, na kila mtu nyumbani aliamini amesahau. Bila kikombe anaamka usiku akipiga kelele, na ndugu zake wanamcheka. Mzazi, muulize mtoto wako anavyolala. Swali hilo halina aibu, na mtoto atalijibu kabla ya kujibu swali la bangi. Kama halali, kuna munganga wa kituo cha afya anayeweza kuzungumza naye, na sisi tutawasindikiza.

Juu ya tramadol tuseme kidogo, kwa sababu wengi wanaiona kuwa "dawa tu". Ni dawa ya maumivu makali, ni ndugu wa morfini. Vijana wanaorudi kutoka mashimoni wanasema wanaimeza ili wasisikie uchovu. Ukiizidisha inaweza kuleta degedege, na ukiimeza pamoja na pombe pumzi inaweza kupungua mpaka kukatika. Na aliyeizoea akiacha ghafla anatoka jasho, anaharisha, mwili wote unauma. Ndiyo maana tunawaomba: msimfunge mtoto kamba, msimfungie chumbani siku saba. Maombi tunayaheshimu, sisi wenyewe ni watu wa maombi. Muombeeni, na mumpeleke kwa munganga. Aliyezoea pombe nyingi kila siku, huyo hasa asiachishwe ghafla nyumbani, anaweza kufa.

Baba mmoja alisimama akauliza: "Kwa hiyo tusiwapige tena?" Watu walicheka, lakini swali ni zuri. Tulimuuliza yeye: ulimpiga, kisha alilala wapi? Akanyamaza. Alilala ufukoni. Fimbo inamsukuma mtoto kwenda kwa wale wanaompokea. Sheria ziwepo nyumbani, ndiyo: saa ya kurudi, kujua yuko wapi na nani, na akivunja, adhabu aliyoambiwa tangu mwanzo. Usizungumze naye akiwa amelewa, ngoja asubuhi. Na wewe baba ukiwa umelewa, ngoja asubuhi vilevile. Mtoto anahesabu vikombe vyako vizuri kuliko unavyodhani.

Msitafute macho mekundu tu. Moshi wa kukausha samaki unaleta macho mekundu pia. Tazameni kama amebadilisha marafiki wote kwa mara moja, kama sufuria au kitenge kinapotea, kama haketi tena kula na wengine. Hilo la kula tunalikazia. Kwenye kambi kila mtu alijifunza kula saa yake. Tukirudisha sahani moja jioni, hata ya ugali na sombe tu, tutajua mapema nani hayupo.

Sasa, tumeamua nini. Komite haitavunja pipa la mtu. Lakini mkopo mpya wa pipa hautatoka tena, na aliye na deni la pipa anayetaka kubadilisha kazi, kwa mawese, sabuni au ndagala, tutamwongezea miezi ya kulipa. Anayeendelea kupika, tunamwomba mambo mawili: mtoto asishike chupa, na mtoto asionje. Sheria ya inchi ya mwaka 2009 ya kulinda mtoto inamhesabu kuwa mtoto mpaka atimize miaka 18. Marafiki wanaotusaidia wajue kwamba malipo yatachelewa kwa sababu hiyo, na kwamba ni uamuzi wetu, si uzembe.

Kuhusu masomo, wajumbe wawili watakwenda na kila mzazi aliyerudi mwaka huu kuonana na mkubwa wa shule, kuomba mtoto apimwe kwa hesabu kwanza, kabla hajashushwa darasa juu ya Kifaransa. Walimu wawili kati ya wanachama wamekubali kufundisha Kifaransa Jumamosi asubuhi, bure, chini ya mwembe wa ofisi. Chokaa ya ubao tunayo. Mabenchi hatuna, kila mtoto aje na kiti.

Yule kijana wa Uganda amerudi masomoni. Haendi kila siku. Wiki iliyopita alikwenda siku tatu, na mama yake ameuza pipa moja. La pili bado analo.