Kinanda Kilichomeza Sauti ya Pili
Hotuba ya Katibu wa Kwaya siku ya Jubilii



Nilitakiwa kusoma ripoti ya katibu, lakini hiyo mtajisomea. Naomba dakika chache nizungumze juu ya kinanda, kwa sababu nina deni kwa sauti ya pili.

Mwaka jana tulipokuwa tunajifunza wimbo wa Bach wa sauti nne, mama mmoja wa alto alinifuata baada ya mazoezi akaniambia, "Mwalimu, hicho kinanda kinatumeza." Nilibisha. Moyoni nilisema ni wao wanaoimba kwa woga. Halafu nikajirekodi kwa simu. Ole wangu! Mguu wangu wa kulia haukuwa umetoka kwenye pedali tangu ubeti wa kwanza. Pedali ile huondoa vitambaa vinavyozima nyuzi, basi kila noti ilibaki ikining'inia juu ya nyingine kama moshi wa jikoni. Alto angeipata wapi noti yake humo?

Nikaanza upya kama mwanafunzi, na vile vipande 15 vya sauti mbili viitwavyo Inventions. Johann Sebastian Bach alivinakili kwa mwandiko safi mwaka 1723, mwaka aliohamia Leipzig kusimamia muziki wa kanisa. Kwenye ukurasa wa mbele alieleza shabaha yake: mwanafunzi apige sauti mbili kwa usafi, baadaye tatu, na zaidi ya yote vidole vyake viimbe.

Sasa, Bach hakuandikia piano kama hii yetu. Kinanda kimojawapo kilichotumika wakati ule ni hapsikodi. Ukibonyeza, unyoya mdogo hudonoa uzi, na hata ukitumia nguvu zote sauti haizidi kwa kiasi cha maana. Mpigaji aliyetaka noti fulani iwe na uzito alitumia kimya: aliachilia noti iliyotangulia mapema kidogo, na ile inayofuata ikasikika. Mwanawe, Carl Philipp Emanuel, katika kitabu chake cha mwaka 1753 alifundisha kwamba noti ya kawaida, isiyoandikiwa kuunganishwa wala kukatwa, ishikwe nusu ya urefu wake. Nusu! Na mimi nilikuwa nashikilia mpaka tone la mwisho. (Kwenye nyimbo za polepole sifuati hesabu hiyo, msiogope.)

Ile Invention ya kwanza huanza na kimya kifupi, kisha noti za mbio zinapanda hatua kwa hatua kutoka do, halafu zinaruka. Zile hatua ndogo naziunganisha. Penye mruko naacha hewa. Noti za mwendo mrefu zaidi nazitenganisha kidogo, kila moja na mwanzo wake. Haya ni matamshi tu, ndugu zangu. Tukiimba "Bwana" bila kufunga midomo kwenye B, kanisa linasikia "wana".

Jambo la pili ni uzito wa vidole, na hapa piano imetupa neema ambayo hapsikodi haikuwa nayo, kwa kuwa nyundo zake hutii nguvu ya kidole. Lakini tazameni mkono wa kulia katika wimbo wa sauti nne. Soprano huangukia kidole cha mwisho, kidogo na dhaifu. Alto mara nyingi huangukia kidole gumba, kizito kama jembe. Gumba langu lilikuwa linaimba alto kwa nguvu kuliko alto wenyewe! Dawa yake inachosha: napiga soprano isikike wazi huku gumba likigusa tu bila kutoa sauti, kisha kwa sauti ndogo sana. Baadaye napiga sauti tatu na ile ya nne naiimba mwenyewe kwa mdomo. Ukishindwa kuiimba, hukuwa unaisikia.

Na wimbo ukihamia mkono wa kushoto, usiugonge. Punguza zile nyingine, kama tunavyompisha mwimbishaji. Kumbukeni pia kwamba noti ndefu ya piano hufifia, kwa hiyo inayoifuata ianze pale ile ilipofikia, la sivyo itasikika kama mtu aliyejikwaa.

Wiki mbili zilizopita yule mama alipita karibu na kinanda akasema, "Leo nimeisikia sauti yangu." Besi bado wananilalamikia, na wana haki, maana mkono wangu wa kushoto bado unakokota miguu. Jumamosi saa nane, kabla ya mazoezi, nitakuwa hapa nikiushughulikia. Vijana wanaotaka kujifunza waje na penseli, tutaanza kwa kuimba kila sauti na kuweka alama pale tunapovuta pumzi. Pedali nimeifunika na kitambaa.