Printa ya Nyumbani na Siku Zake za Kukaa Bure

Ukiingia duka la kompyuta Kariakoo ukasema unatafuta printa ya nyumbani, muuzaji atataka kujua bajeti yako, na kama unahitaji nyeusi tu au ya rangi. Ukimwambia ni kwa ajili ya nyaraka na picha za familia, mara nyingi atakuonyesha printa ya wino yenye rangi nne, inayoskani na kutoa kopi. Maswali yake ni ya haki. Lakini kuna moja asilouliza, nami nashikilia kwamba ndilo lingetangulia yote: printa hiyo itakaa siku ngapi bila kuguswa?

Nyumbani hatuchapi kama ofisini. Wiki hii kuna fomu ya shule, mtihani wa majaribio wa mtoto, barua ya maombi ya kazi. Kisha wiki tatu zinapita kimya. Wino wa printa sehemu yake kubwa ni maji, na unatoka kwenye hedi, yaani kichwa cha kuchapia, kupitia matundu membamba kuliko unywele. Printa ikikaa, maji yanakauka, rangi inaganda, matundu yanaziba. Siku unapoihitaji, maandishi yanatoka yamekatwa na mistari myeupe. Unaiamuru ijisafishe, nayo inafyonza wino kupitia hedi na kuumwaga kwenye sponji iliyofichwa ndani. Wino huo umeulipia na haujagusa karatasi. Sponji nayo hujaa, na ikijaa printa nyingi hugoma kabisa mpaka fundi aifungue. Umeme wetu unaongeza lake. Printa ya wino ikimaliza kazi huirudisha hedi kwenye kona yake na kuifunika kwa kifuniko cha mpira. Umeme ukikatika katikati ya ukurasa, hedi inabaki wazi pale ilipokwama, ikikauka.

Utaniambia boksi limeandikwa idadi ya kurasa, na hesabu ni hesabu. Tuitazame. Katriji nyeusi ya HP 123 imekadiriwa kutoa kurasa 120 hivi, na chupa nyeusi ya Epson 003, ile ya printa za matangi zinazojazwa wino kwa chupa, kurasa 4,500. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba katriji ndogo haistahili mjadala mrefu: bei ya printa inakuwa chambo, na wino ndio unaokumaliza. Ila kipimo cha kimataifa cha wino, ISO/IEC 24711, hupatikana kwa kuchapa mfululizo, ukurasa baada ya ukurasa, bila printa kupumzika wiki mbili kisha ikajisafisha. Kwa hiyo hata ile 4,500 ni ahadi kwa mtu anayechapa daima. Anayechapa mara moja kwa mwezi asiitegemee.

Ndiyo maana kwa nyumba nyingi nasema nunueni leza nyeusi. Tona ni unga mkavu. Printa huuyeyusha juu ya karatasi kwa joto, na unga haugandi kwa kusubiri. Iache toka Januari hadi Pasaka, washa, ukurasa wa kwanza utatoka safi. Tona ya HP 85A, kwa mfano, imekadiriwa kutoa kurasa 1,600, na kwa familia ya kawaida hizo ni nyingi mno. Wengine wanaogopa umeme. Ni kweli leza ndogo hula kati ya wati 300 na 500 inapochapa, na si ya kuchomekwa kwenye UPS ndogo. Lakini kurasa 20 huzimaliza kwa dakika moja hivi, na umeme huo unakaribia ule wa taa ya wati 10 iliyowaka kwa saa moja. LUKU haitaisha kwa sababu hiyo.

Wapo wanaouliza: kwa nini basi tununue printa yoyote, na steshenari iko mlangoni? Kwa sababu ya yale tunayotuma huko. Nakala ya kitambulisho, mkataba wa nyumba, cheti cha hospitali, vyote vinakwenda kwa WhatsApp na kubaki kwenye kompyuta inayotumiwa na kila mtu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini ni bora karatasi ya siri isitoke nyumbani kabisa.

Pingamizi zito zaidi ni la picha, nami silipuuzi. Picha za watoto wetu zimelala kwenye simu, na simu huibiwa, huanguka majini, hufutwa. Lazima zichapwe. Kwa kuwa zina thamani hiyo, sitaki zitegemee hedi iliyoziba. Picha hufunika karatasi nzima kwa wino, inadai karatasi maalumu, na wino wa rangi ulio mwepesi hufifia kwa mwanga na kuchuruzika kwa unyevu. Wakazi wa Tanga, Mombasa na Unguja wanajua unyevu unavyoifanya albamu. Na msijaribu kuipitisha karatasi ya picha ya wino kwenye leza: utando wake huyeyuka kwenye joto na kuharibu mashine.

Picha zipelekeni studio, mkiwa mmechagua zile za mwaka mzima. Anayetaka lazima azichape nyumbani, ipo mashine ndogo isiyotumia wino wa maji, kama Canon Selphy. Ukiitazama ikifanya kazi, karatasi moja inaingia na kutoka mara nne: njano kwanza, kisha wekundu wa waridi, kisha buluu, na mwisho utando usio na rangi unaoikinga picha na vidole na matone ya maji. Rangi imo kwenye utepe mkavu, na pakiti ya karatasi 108 huja na utepe wa picha 108 kamili. Inaweza kungoja harusi ijayo bila kudhurika.

Printa ya matangi ina wenyewe: mwalimu anayeandaa mazoezi ya rangi kila wiki, mama anayetengeneza kadi za mialiko, nyumba yenye watoto wa chekechea. Hao hawatapata wino wa bei nafuu kuliko huo. Na aliyekwisha kuinunua, achape ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki, na aizime kwa kitufe chake yenyewe, asubiri hedi irudi kwenye kona, ndipo azime swichi ya ukutani.